Sambusa Moja ya Ziada

Mwalimu wetu wa takwimu alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na wastani. Mwanafunzi akisema kwamba kwa wastani mwanamke wa Durban anapata kiasi fulani kwa mwezi, yeye aliweka chaki chini, akajipangusa vumbi kwenye sketi, akauliza huyo mwanamke anakaa mtaa gani ili Jumamosi ijayo darasa zima limtembelee. Mwanzoni tulicheka. Baadaye tulijifunza kuinamisha vichwa na kurudi kwenye karatasi zetu, kwa sababu hakuwa anatania.

Nilikaa mbele yake karibu miaka miwili, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika darasa la Jumamosi lililokuwa kwenye banda la mbao nyuma ya chuo, kule Glenwood. Alitufundisha kuchambua mapengo ya mapato, kati ya watu wa rangi mbalimbali na kati ya wanaume na wanawake, kwa kutumia takwimu za sensa ile ya kwanza baada ya Afrika Kusini kuondokana na sheria za ubaguzi. Mimi ni mdaku, nakiri mapema. Nikikaa karibu na mtu nataka kujua anakula nini, anaishi na nani, na kwa nini kiatu chake cha kushoto kimeisha kabla ya cha kulia. Kwa hiyo ilinikera kwamba sikuwahi kujua hata siku yake ya kuzaliwa.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mimi nililijua na yeye hakulijua. Kijana wa chumba cha jirani, aliyefundisha somo lile lile siku za kazi, tena kwa kutumia madokezo ya Mwalimu, alilipwa zaidi yake. Nilijua hivyo kwa mwaka mmoja na miezi tisa. Kila Jumamosi nilikaa kiti cha mbele, nikala sambusa zake, nikafunga mdomo. Nitaeleza nilijuaje na kwa nini nilinyamaza, ila kwanza nataka mumwone.

Alikuwa mfupi, mnene wa wastani (angeninyang'anya kalamu kwa neno hilo), na alivaa mtandio wa kijivu uliofungwa kwa pini moja. Alikuja kwa taxi mbili, zile basi ndogo za abiria, kutoka Chatsworth, akapanda mlima wa Glenwood kwa miguu, na hakuwahi kuchelewa. Mkononi alikuwa na kikapu cha plastiki cha bluu, na ndani yake mlikuwa na vitu vile vile kila mara: penseli zilizochongwa, chupa ya chai, daftari la mahudhurio, na bakuli la sambusa lililofunikwa kitambaa.

Sambusa zilihesabiwa. Zilikuwa sawa na majina yaliyomo kwenye daftari, halafu moja zaidi. Siku ya kwanza, nani mwingine kama si mimi, niliuliza ile moja ni ya nani.

"Ya yule ambaye hakuandikwa," alisema. "Kila orodha ina mtu aliyeachwa nje. Mimi ni msahaulifu, sambusa inanikumbusha."

Jioni alimpa mlinzi wa geti, au alirudi nayo nyumbani. Sikuwahi kumwona akiila mwenyewe. Wakati wa Ramadhani alifunga, na bado alizikaanga kabla ya alfajiri na kutuletea, akasimama mbele yetu na harufu ile yote huku sisi tunatafuna kwa aibu. Mwenzangu Nomusa, mama mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha nguo kabla ya kurudi shule, alipendekeza tusile mpaka mwezi uishe. Mwalimu alikasirika kweli.

"Saumu ni yangu," alisema. "Ninyi saumu hamna, mna njaa tu. Kuleni."

Darasa lilikuwa la Kiingereza, lakini sisi wawili tulikuwa na Kiswahili pembeni. Mimi nilikuwa nimefika kutoka Bukavu, na Kiswahili chetu cha Kongo kina Kifaransa ndani yake. Yeye alikuwa wa wale Waislamu wa Durban ambao babu zao waliletwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na lugha ikawabakia jikoni, ya maneno ya zamani na machache, na mapengo yake aliyaziba kwa Kiingereza na Kizulu. Tulielewana robo tatu, robo iliyobaki tukaimaliza kwa mikono. Alipenda kunisikia nikisema, halafu akacheka mpaka pini ya mtandio ikalegea. Nami nilipenda kumchekesha.

Alikuwa na kawaida ya kuuliza watu wanapata kiasi gani. Kondakta wa taxi, mlinzi, mama wa ndizi, fundi aliyekuja kurekebisha bomba, wote aliwauliza. La kushangaza ni kwamba walimjibu. Nilimchunguza kwa muda mrefu ili nijue siri yake, nikaona ni mambo mawili. Kwanza hakuuliza pesa, aliuliza saa: unaanza saa ngapi, unamaliza saa ngapi, Jumapili je. Mtu akishahesabu saa zake mwenyewe kwa sauti, hasira kidogo humpanda, na pesa anaitaja bila kuombwa sana. Pili, wakati wa kuuliza alitazama penseli yake, si uso wa mtu.

Yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Mimi nilijaribu mara moja, katika majuma yangu ya kwanza, kabla sijajua lolote.

"Na weye, Mwalimu, banakulipa muzuri?"

"Inanitosha," alisema, akaanza kuchonga penseli iliyokuwa tayari imechongwa.

Hapo ndipo palikuwa na kichekesho chake kikubwa. Mtu huyu alisoma kila kitu. Alisoma maandishi madogo kwenye pakiti ya siagi na nyuma ya tiketi. Alisoma sensa mstari kwa mstari, mpaka macho yakamwaga machozi mbele ya kompyuta. Lakini mkataba wake wa kazi, uliokuja kila mwanzo wa mwaka, aliutia sahihi amesimama mlangoni, karatasi ameiegemeza ukutani, sekretari wa idara akiwa bado anamtafutia ukurasa wa kwanza. "Ni fomu tu," alisema. Tulimwona kwa macho yetu.

Jumamosi moja alitugawia fomu tupu za mazoezi, kila mtu ajihesabu. Yeye alijijaza ubaoni: mwanamke, umri (aliuandika kwa mwandiko usiosomeka), elimu, kazi. Kwenye rangi aliruka. Niliinua mkono.

"Mwalimu, pa rangi haukujaza."

"Nimeona."

"Juu ya nini?"

Alikaa kitini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Mimi nimehamishwa nyumba mara moja na kisanduku cha rangi mara mbili. Kwanza serikali ya zamani ilisema sisi ni Waafrika, kisha machotara. Baadaye ikasema hapana, hawa ni Waasia wengine. Sura ni hii hii, jikoni ni pale pale. Sasa leo wananiambia nichague mwenyewe. Sijazoea. Niacheni nifikiri kidogo."

Jamaa mmoja nyuma akasema basi rangi isiulizwe tena, nchi imeshabadilika. Mwalimu alimgeukia haraka. "Tusipoiuliza, tutajuaje kama kuna kitu kimebadilika?" Kisanduku cha Mwalimu kilibaki wazi ubaoni mpaka tukafuta ubao.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa ya ajabu. Kwa majuma matatu hakutugusisha kompyuta. Alichapisha mistari kutoka kwenye sampuli ya sensa, kila mstari mtu mmoja asiye na jina, amegeuzwa kuwa namba: umri, jinsia, rangi, elimu, vyumba, kazi, na daraja la kipato, maana watu walichagua daraja, hawakuandika kiasi kamili. Aliikata karatasi kwa mkasi, akatia mistari kwenye bakuli la sambusa, kila mtu akavuta wake. Kazi yetu ilikuwa kuandika nusu ukurasa kuhusu huyo mtu.

Mimi nilivuta mwanamke wa miaka arobaini na moja, Mwafrika, ameolewa, elimu ya msingi tu, vyumba viwili, watu saba, kipato hakuna. Niliandika kwamba alishinda nyumbani akimngoja mume alete. Karatasi ilirudi na swali moja kwa penseli: Nani alifungua mlango?

Sikuelewa, nikamfuata.

"Siku ya sensa karani alibisha hodi," alisema. "Mlango ulifunguliwa na mtu. Huyo mtu ndiye aliyejibu kwa niaba ya wote. Sasa nenda kwenu ukaulize, siku ile nani alifungua."

Kwetu kulikuwa South Beach, ghorofa ya tisa, kwa Tantine wangu, dada mdogo wa mama, na mume wake. Mume alikuwa na salon mjini, na Tantine alisuka nywele humo tangu walipofika nchini. Nilimkuta kwenye sofa akijikanda vidole kwa mafuta, mume akitazama mpira.

"Tantine, siku ya sensa baliandika weye unafanya kazi gani?"

"Miye? Sijue. Nilikuwa mu cuisine, napika. Ton oncle ndiye alijibu."

Mume wake, ambaye nilimwita mjomba, hakuondoa macho kwenye televisheni. "Niliambia bale ba sensa hana kazi. Salon ni yangu, donc kazi ni yangu. Yeye ananisaidia tu."

"Ananisaidia tu," Tantine alirudia taratibu. Aliinua mikono yake, akaitazama mbele na nyuma. "Tangu saa mbili ya asubuyi mpaka saa kumi na mbili, siku sita, miye niko nasaidia."

Jioni ile hakupika. Tulikula mkate na chai, na mjomba alikula bila kuuliza, kwa sababu si mjinga. Juma lililofuata Tantine alinunua daftari lake na kisanduku cha chuma, akaanza kuweka kando pesa ya vichwa alivyosuka yeye. Kulikuwa na kelele. Kisanduku kilibaki.

Nilimhadithia Mwalimu nikitegemea sifa. Hakunisifu. Aliweka penseli mdomoni, akauliza ni vidole gani vilivyovimba, vya mkono upi, na kama uvimbe unashuka siku ya Jumapili. Akaandika yote. "Sasa rudi kwa yule wako wa miaka arobaini na moja," alisema, "umwombe radhi." Niliandika upya, kurasa mbili.

Baada ya hapo ungedhani nimeshajifunza. Miezi michache baadaye mimi na Nomusa tulipewa kompyuta moja, tutafute pengo la kipato kati ya wanaume na wanawake wa jiji. Wale wa kipato hakuna walituharibia hesabu, kila mara jibu lilitoka baya. Nomusa akasema tuwaondoe. Tukawaondoa, ni kubonyeza mara mbili tu. Pengo likapungua papo hapo, mchoro ukapendeza. Tulimpelekea Mwalimu ukiwa umechapishwa kwa rangi.

Aliutazama. "Mmewatoa wangapi?"

Hatukujua. Alitukalisha mpaka tukahesabu, akaandika idadi ubaoni kwa tarakimu kubwa. Halafu akauliza kati yao wanawake ni wangapi, tukahesabu tena, akaiandika chini yake.

"Mmewatoa hawa wote nje, mkafunga mlango," alisema. "Kisha mnaniita nione jinsi ndani palivyo pazuri."

Nomusa hakuwa mtu wa kukubali haraka. "Eish, Mwalimu. Kama mtu hana mshahara, nitalinganisha nini na nini?"

Hapo Mwalimu alifurahi, alipenda kubishiwa. "Swali zuri. Kama unalinganisha mishahara tu, unaweza kuwaweka pembeni. Lakini useme umewaweka, useme ni wangapi, useme kwa nini. Ukimweka mtu pembeni na kunyamaza, huko ndiko kumfuta. Msimfute mtu."

Niliandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu, kwa kalamu ya wino, nikayapigia mstari. Daftari hilo bado ninalo.

Sasa nifike kwenye lile langu. Karo yangu niliilipa kwa kazi ya duka moja la simu katikati ya mji. Tulikuwa na vibanda vinne vya kupigia simu Bukavu na Kinshasa, faksi moja, na mashine ya fotokopi. Mwenye duka, Mkongomani mwenzetu ambaye wote tulimwita Patron, alikuwa na sheria moja tu aliyoirudia kila asubuhi.

"Machine inaona. Weye hauone."

Ilikuwa sheria ya haki. Watu walituletea karatasi za ukimbizi, barua za talaka, majibu ya hospitali. Msichana aliyekuwa kabla yangu alipitisha maneno ya barua ya mteja mmoja kwenye salon ya jirani, na siku hiyo hiyo alifukuzwa. Patron alimtoa mbele ya wateja, na hakuna duka lingine mtaani lililompokea.

Februari moja mashine ya idara kule chuoni iliharibika. Sekretari akaja kwetu na bunda la mikataba ya walimu wa muda. Niliiweka kwenye kioo mmoja mmoja. Ukafika wa Mwalimu. Ukafuata wa kijana wa chumba cha jirani, ambaye alikuwa Mzungu, amemaliza masomo juzi tu, mpole, mcheshi, na hata Mwalimu mwenyewe alimpenda. Somo ni lile lile. Saa za Mwalimu zilizidi, kwa sababu ya Jumamosi. Na malipo, sikuyafikiria hata kwa rand. Niliyafikiria kwa madaraja, jinsi alivyotufundisha. Mwalimu alikuwa madaraja mawili chini yake. Taa ya mashine ikapita, ikazimika, nikageuza ukurasa. Sekretari alilipa, akasema "Sharp, thanks," yaani safi, asante, akaondoka.

Nilijipa sababu nyingi. Patron atanifukuza na karo itakwama, hiyo ilikuwa ya kweli. Nitamwaibisha, hiyo ilikuwa nusu kweli. Labda anajua, hiyo ilikuwa uongo, na nilijua ni uongo. Jumamosi ya kwanza nilisema nitamwambia Jumamosi ijayo. Miezi ikapita hivyo. Nilianza kuchelewa kwa makusudi ili nisikae naye peke yangu kabla ya darasa, mimi niliyezoea kufika wa kwanza nimdodose.

Ikaja Februari nyingine. Alifika darasani na wino kwenye kidole gumba, mchangamfu kama kawaida. "Nimeshatia sahihi," alituambia. "Nilijaribu kuomba kidogo zaidi mwaka huu. Wameniambia hakuna pesa ya kumwongeza mtu yeyote." Alisema "mtu yeyote" kwa utulivu, kwa sababu aliamini. Akaanza kugawa sambusa. Yangu niliifunga kwenye karatasi nikasema nitakula baadaye, na nikaitupa kwenye pipa la kituo cha taxi. Hakuna chakula nilichowahi kukitupa na kikaniumiza hivyo.

Niliacha kazi ya duka mwezi wa Novemba. Ofisi moja ya utafiti ilikuwa imeniajiri kuingiza takwimu kwenye kompyuta, na barua iliyonifungulia njia aliiandika Mwalimu, ukurasa mzima, bila kunipamba. Ijumaa nilimkabidhi Patron funguo. Jumamosi nilipanda Glenwood mchana, darasa likiwa limeshatoka.

Alikuwa peke yake bandani anasahihisha karatasi za mwisho. Kwenye bakuli ilibaki sambusa moja. Upande wa pili wa ukuta kijana naye alikuwepo, anasahihisha zake, redio yake ikiwa chini.

"Mwalimu, niko na kitu ya kukuambia. Ni kitu ya zamani."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilipomaliza aliuliza maswali yake kwa mpangilio ule ule tuliouzoea, akitazama penseli.

"Karatasi nani alizileta?"

"Sekretari."

"Uliziona mwenyewe?"

"Nilizitia kwa machine na mikono yangu."

"Saa zake?"

"Zako zilipita zake, Mwalimu."

"Madaraja mangapi?"

"Mawili."

"Lini?"

"Février ya mwaka jana."

Alihesabu kwa ncha za vidole, miezi yote, akafika mwisho. Akainua macho, na safari hii alinitazama usoni.

"Basi Februari hii, nilipotia sahihi, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ulikaa pale." Alinyoosha penseli kwenye kiti changu.

"Niliogopa kazi, Mwalimu. Pardon. Vraiment niliogopa."

"Nakuamini." Alisema hivyo kwa upole, na upole ule ulikuwa mgumu kuliko ukali. "Lakini umenifuta, mwanangu."

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Nililia kwa sauti, kama mtoto, na yeye hakunibembeleza wala hakunifukuza. Alisukuma chupa ya chai upande wangu, akaendelea kutazama ukuta uliotutenga na chumba cha jirani.

"Hukuhitaji hata kuvunja sheria ya Patron wako," alisema. "Ungeniambia tu: Mwalimu, nenda kabishe hodi kwa jirani."

Akaweka penseli chini. Nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe. Aliwauliza watu wa mji mzima, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kubisha mlango ulio hatua sita kutoka kwake. Alifungua droo, akatoa fomu tupu ya mazoezi, akaibana kwenye kibao cha mkononi cha kuandikia. Mstari wa kwanza alijijaza yeye, kwa penseli, polepole, pamoja na saa na daraja. Kisha akasimama, akakaza pini ya mtandio, akatoka nayo. Nilimfuata mpaka mlangoni. Udaku wangu haukufa hata siku ile.

Alibisha mara tatu. Kijana alifungua mwenyewe, kalamu sikioni.

"Habari za mchana," Mwalimu alisema kwa Kiingereza chake cha darasani. "Nina maswali machache ya sensa."

Kijana alicheka, akidhani ni mchezo wa wanafunzi, akasimama wima kama raia mwema. Mwalimu alianza na saa. Akauliza somo. Akauliza ameanza lini. Halafu akamwonyesha orodha ya madaraja, akatazama penseli yake, akangoja. Kijana aliweka kidole kwenye daraja lake bila kusita. Ndipo macho yake yakapanda mstari wa juu, yakausoma. Masikio yalimwiva yote mawili.

"Sikujua," alisema.

"Najua. Hukuwahi kuulizwa. Nami sikuwahi kuuliza. Utatia sahihi kwamba ndivyo ulivyojibu?"

Alichukua kalamu mara moja ili asaini.

"Soma kwanza," Mwalimu alimwambia, kisha akageuka kunitazama mimi mlangoni, na kwa mara ya kwanza siku ile alicheka kidogo. "Ona nani anasema."

Kijana alisoma yote, akasaini. Jumatatu Mwalimu aliipeleka fomu ile kwa mkuu wa idara, na yaliyofuata yalichukua muda na hayakuwa mazuri yote. Ninachojua, kwa kuambiwa na Nomusa, ni kwamba mkataba uliofuata aliusoma ameketi, kuanzia ukurasa wa kwanza, sekretari akisubiri mlangoni asubuhi nzima.

Lakini nataka kubaki na Jumamosi ile. Tuliporudi bandani aliweka fomu mezani, nikachungulia haraka kisanduku cha rangi. Kilikuwa kimejazwa. Kabla sijasoma aliweka kiganja juu yake.

"Udaku wako umetosha kwa leo."

Kisha akavuta bakuli. Akaitazama ile sambusa moja iliyobaki, ya yule ambaye hakuandikwa, imeshapoa na kulegea kwenye pembe. Nilidhani atanituma nimpelekee mlinzi, nikanyoosha mkono. Alinisukuma mkono pembeni, akaichukua, akaila yeye mwenyewe, taratibu, mpaka ukoko wa mwisho. Akapangusa vidole kwenye sketi, akaniambia nimmiminie chai.